Bastola ya Sandukuni: Bei Yake Inapimwa Namna Gani?



Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya mitihani ya watoto, lakini kati ya maswali yaliyofika kwetu kuna moja ambalo haliwezi kungoja. Mama mmoja mjane wa upande wa Bulengera (nimebadilisha vitu vidogo ili asijulikane) alifungua sanduku la bati la marehemu baba mkwe wake. Chini kabisa, ndani ya shuka la zamani, akakuta bastola ndogo nyeusi katika mfuko wake wa ngozi. Mzee alikuwa karani katika shamba la kahawa la mzungu, na familia ilizoea kumsikia akisema kwamba kile kitu aliachiwa na bwana wake, na kwamba hakijatumika hata siku moja. Sasa shemeji yake mdogo ametafuta kwenye simu, akaona bastola inayofanana nayo imewekewa dola 4,000. Anataka ipelekwe kwa mtu anayemjua Kampala. Mama ana watoto wanne shuleni na minervali ya miezi miwili haijalipwa. Anauliza: je, bei hiyo ni ya kweli? Na afanye nini?

Mama, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukubali. Nitajibu swali la bei kwanza, maana ndilo linalowasha moto nyumbani kwako, na nitalijibu kwa ukamilifu. Mtu akiambiwa tu "achana na kitu hicho" bila kuelezwa hesabu, atabaki anaamini kwamba amenyimwa bahati yake.

Vitu vya namna hiyo viko huku kwetu kuliko tunavyofikiri. Mji wetu wa Butembo ulikua kando ya kambi ya Minière des Grands Lacs, ile kampuni ya madini ambayo wazee bado wanaiita MGL. Upande wa Beni na Mutwanga kulikuwa na wazungu wa mashamba ya kahawa. Wengi wao walikuwa na silaha nyumbani. Wengine waliondoka wakati wa uhuru mwaka 1960, wengine walikimbia waasi Simba walipofika mwaka 1964, wengine walipoteza mashamba yao baada ya Mobutu kutangaza zairianisation tarehe 30 Novemba 1973. Anayekimbia habebi kila kitu. Alichoacha kilibaki kwa mpishi, kwa karani, kwa dereva, au ndani ya dari.

Mara nyingi bastola hizo zilitoka Ubelgiji, katika kiwanda cha Herstal karibu na Liège kinachoitwa Fabrique Nationale, au FN, kilichoanzishwa mwaka 1889. Aliyezibuni ni Mmarekani John Browning. Ile ya mwaka 1900 peke yake ilitengenezwa takriban 700,000. Wamama, someni tena tarakimu hiyo. Kitu ambacho kimetengenezwa mara 700,000 si kitu adimu, hata kikiwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja. Uzee peke yake hauleti bei. Mashine ya kushona ya nyanya yako nayo ni mzee, na hakuna anayepanda ndege kuja kuinunua.

Basi wakusanyaji wa vitu vya kale kule Ulaya na Marekani wanaangalia nini? Wanaangalia hali yake: rangi ya asili ya chuma iko asilimia ngapi, vibao vya kitako vimepasuka au ni vizima, kuna kutu au hakuna. Wanaangalia kama namba zilizogongwa kwenye vipande mbalimbali zinalingana, kwa sababu bastola iliyofungwa vipuri vya bastola nyingine inashuka bei sana. Wanaangalia kama sanduku lake la dukani lipo, na karatasi zake. Hapo ndipo neno "haijatumika" linapoingia: bastola iliyokaa katika sanduku lake tangu dukani inaweza kupata bei mara kadhaa kuliko mwenzake aliyezunguka msituni.

Lakini hata neno hilo lina mipaka yake. Mjini Liège kuna nyumba ya kujaribia silaha, iliyoanzishwa mwaka 1672. Kwa sheria ya Ubelgiji, silaha haikutoka kwenda dukani kabla ya kupita hapo na kupigwa risasi za majaribio, kuona kama mtutu unavumilia. Ikivumilia inagongwa chapa: duara la mviringo lenye herufi ELG, na taji juu yake. Kwa hiyo bastola ya Liège yenye chapa hiyo imekwisha kufyatuliwa, hata kama bwana wa shamba hakuigusa. Wakusanyaji wanalijua hilo. Wanaposema "mpya" wanamaanisha haikutumika tangu kutoka kiwandani, na hilo wanalisoma kwenye chuma chenyewe. Neno la mzee wetu, pamoja na heshima yote, halimo katika hesabu yao. Tena bastola iliyokaa miaka hamsini katika ngozi, katika unyevunyevu wa milima yetu, kwa kawaida haitoki ikiwa nzuri. Ngozi inavuta maji na chuma kinakula kutu upande ule usioonekana.

(Nawaeleza haya ili mjue, si ili mkaifungue shuka na kuichunguza. Nitalirudia hilo.)

Kitu kingine kinachopandisha bei ni historia yenye ushahidi, na hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Wanasikia kwamba bastola kuukuu imeuzwa kwa pesa nyingi. Ni kweli. Tarehe 30 Novemba 2016, mjini Paris, iliuzwa kwa mnada ile ambayo mshairi Paul Verlaine alimpiga nayo mshairi mwenzake Rimbaud mjini Bruxelles mwaka 1873. Ilipata zaidi ya euro 434,000. Mwaka 2019, huko huko Paris, ikauzwa nyingine iliyookotwa shambani, inayoaminiwa kuwa ndiyo mchoraji Van Gogh alijipiga nayo mwaka 1890. Ilikuwa imeliwa na kutu hata haifanyi kazi, na bado ikapata euro 162,500. Angalieni basi: ya pili ni chuma kibovu kabisa. Kilichonunuliwa pale ni jina la mtu na karatasi zinazothibitisha.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Sarajevo. Tarehe 28 Juni 1914 mwana mrithi wa Austria aliuawa kwa bastola ya FN ya mwaka 1910, na vita kuu ikawaka. Vita hiyo ilitufikia hata sisi: babu zetu walibebeshwa mizigo na Force Publique iliyoingia Tabora mwezi Septemba 1916. Bastola ile ilihifadhiwa na mapadre Wayezuiti wa Austria kwa karibu miaka tisini, mpaka mwaka 2004 walipoikabidhi kwa makumbusho ya jeshi mjini Vienna. Ilifahamika kwa sababu namba za bastola za washtakiwa zilikuwa zimeandikwa katika hati za mahakama. Bastola nyingine zilizotoka kiwanda kile kile mwaka ule ule, chuma kile kile, ni bastola za kawaida tu.

Sasa turudi kwa zile dola 4,000 za kwenye simu. Hiyo ni bei ambayo mwenye kitu ameomba. Sisi watu wa Butembo, mabingwa wa biashara, tunaosafiri mpaka Guangzhou na Dubai, tunajua tofauti kati ya bei ya kuomba na bei ya kulipwa! Mama anayeuza kitenge akisema 40,000, nani analipa 40,000? Anayetaka kujua thamani anaangalia vilivyouzwa tayari, katika nyumba za mnada zinazotangaza matokeo yao. Na huko, Browning ya kawaida ya miaka ile, yenye hali ya kati, kwa kawaida hupata dola mamia, si maelfu. Ile iliyo safi sana katika sanduku lake hupanda zaidi. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya mnada. Ni ya Liège, ya Paris au ya Marekani, kwa mtu mwenye karatasi za kuuza na mnunuzi mwenye karatasi za kununua.

Tupige hesabu kama tunavyofanya na watoto kwenye tablo. Tuseme bastola hii ingepata dola 400 Ulaya. Itafikaje? Posta haipokei silaha. Kuipandisha ndege bila ruhusa ya serikali ni magendo ya silaha, na mkoa wetu uko chini ya macho ya dunia kwa jambo hilo tangu Umoja wa Mataifa ulipoweka vikwazo vya silaha juu ya makundi ya Kivu na Ituri mwezi Julai 2003. Hata ingefika, Ubelgiji yenyewe iliyoitengeneza ina sheria kali ya silaha tangu tarehe 8 Juni 2006. Ondoeni gharama ya ruhusa, msafirishaji, mpimaji na nyumba ya mnada. Katika zile 400 inabaki nini? Inabaki deni.

Na Kampala? Uganda ina sheria yake ya silaha tangu mwaka 1970, nayo inadai kibali. Shemeji atalazimika kupita Kasindi na bastola mfukoni. Barabara ya Beni mpaka Kasindi mnaijua, na vizuizi vyake mnavijua. Huyo "mtu wa Kampala" hatalipa bei ya mkusanyaji, kwa sababu mkusanyaji mwenye karatasi hanunui kitu kisicho na karatasi. Anayenunua bila karatasi ananunua kwa kazi nyingine. Atatoa dola hamsini, sitini, kisha bastola itarudi usiku katika mlango wa mama mwingine. Mimi nafundisha darasa la tatu. Ukiwaambia watoto wachore nyumba, mmoja au wawili watachora na mtu mwenye bunduki mbele ya mlango. Sihitaji kueleza zaidi.

Kakao ya Mangina ina bei kwa sababu kuna mizani na kuna mnunuzi mchana kweupe. Dhahabu ina bei kwa sababu kuna kontwari. Bastola isiyo na ruhusa, hapa kwetu, haina mizani. Sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai ruhusa kwa raia mwenye silaha ya moto. Karatasi ya mkoloni, kama ipo, haimruhusu mjane. Wala mtu asijitetee kwamba ni kitu cha ukumbusho cha zamani. Na état de siège iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 ilipeleka kesi za jinai za raia mbele ya mahakama za kijeshi. Fikiria asubuhi ya bouclage, askari wanapita nyumba kwa nyumba, wanafungua sanduku la bati. Utaeleza habari ya karani na bwana wa kahawa? Nani atakuwa na subira ya kukusikiliza, na kijana wako wa miaka kumi na saba amesimama pale uani? Hiyo pia ni sehemu ya bei, tena sehemu kubwa kuliko zote, na haiandikwi kwenye simu.

Kuna na hatari ya chuma chenyewe. Risasi za zamani hazifi kwa uzee. Nyingine zinagoma, nyingine zinalipuka, na huwezi kujua ipi ni ipi. Hata mtu akiondoa magazini, risasi moja inaweza kubaki ndani ya mtutu. Kwa hiyo mama, usiifute, usiipake mafuta, usiisugue kutu, usimwite fundi wa pikipiki aje "aiangalie tu". Acha ilivyo, funga sanduku kwa kufuli, ufunguo ukae kwako. Na usiipige picha. Picha ikiingia kwenye WhatsApp ya shemeji, kesho itakuwa kwenye simu ya mtu usiyemjua, na keshokutwa utagongewa mlango na mwizi au na askari.

Je, hakuna aliyewahi kulipwa kihalali kwa kutoa silaha? Wapo. Huko Katanga, PAREC ya mchungaji Ngoy Mulunda ilikuwa ikipokea bunduki na kumpa aliyeileta baiskeli. Msumbiji, kuanzia mwaka 1995, Baraza la Wakristo chini ya askofu Dinis Sengulane lilibadilisha silaha kwa majembe, baiskeli na mashine za kushona. Vyuma vilivyokatwa vilipewa wasanii. Mmoja wao, Kester, alitengeneza kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki mwaka 2001, na leo kiko katika British Museum ya London. Mimi napenda hesabu ile ya mashine ya kushona. Ni bei ambayo mwanamke anaweza kuigusa, na inaendelea kuzaa. Lakini nisikudanganye, mama: programu hizo zilikuwa za mahali pake na wakati wake. Usiweke bastola nyumbani ukingojea baiskeli.

Namna ya kuitoa ndiyo inayohitaji akili kuliko yote, maana hofu yako ni ya kweli: unaogopa kukamatwa ukiwa unafanya jambo jema. Usiibebe wewe. Usimtume mtoto, usimpe mtu wa pikipiki, usiiweke kwenye kikapu chini ya sombe. Kwanza toa neno, silaha ibaki ilipo. Nenda kwa avoka, na kama huna pesa ya avoka, pita kwa viongozi wetu wa chama. Parokia nyingi nazo zina tume ya haki na amani inayojua mlango wa kugonga. Avoka aandike barua fupi: nani alikufa, lini, sanduku lilifunguliwa lini, mbele ya nani, kimeonekana nini. Mwite shefu wa kartie na wazee wawili wa familia wawe mashahidi, na shemeji awe mmoja wao, ili asiseme baadaye kwamba uliiuza peke yako. Kisha avoka awasiliane na wakubwa wa polisi, na wao ndio waje kuichukua nyumbani, mchana, kwa saa iliyopatanwa. Wakiichukua, omba procès-verbal yenye namba ya bastola, tarehe, jina na sahihi ya aliyepokea. Wasipotaka kuandika, avoka wako awe pale kuwauliza kwa adabu kwa nini. Nakala moja ikae kwa avoka, nyingine kwako, nyingine kwa mzee wa familia. Karatasi hiyo itakulinda kama jina la familia litaanza kuzungumzwa vibaya katika kartie.

Najua shemeji atanuna. Mwonyeshe hesabu ya hapo juu, umwambie aipige mwenyewe kwa kalamu. Na minervali? Hilo ni shida ya kweli na bastola haikuwa dawa yake hata mwanzo. Nenda kwa mkurugenzi wa shule kabla watoto hawajarudishwa, umwombe kulipa kidogo kidogo. Wengi wanakubali mzazi akija mwenyewe. Mtungi wetu wa akiba unafunguliwa kila Alhamisi, na mjane anaruhusiwa kukopa hata kama hajatimiza miezi sita. Muulize mweka hazina.

Bado kuna kitu katika sanduku lile ambacho hukuuliza. Umeandika kwamba chini ya shuka kuna barua za Kifaransa, kitabu cha mishahara ya wafanyakazi wa shamba na picha mbili za mzee akiwa kijana. Hivyo usichome, wala usiwaachie panya. Kitabu cha mishahara kilichoandikwa na karani Mkongo kinaonyesha nani alifanya kazi, siku ngapi, kwa franka ngapi. Vya namna hiyo vimebaki vichache, kwa sababu vita na mvua vimekula vingine. Wanafunzi wa historia wangefurahi kukisoma, na nakala inaweza kupigwa bila wewe kuachia kitabu chenyewe. Kiweke mahali pakavu, katika karatasi, si katika plastiki. Na kabla shangazi mkubwa hajatutoka, kaa naye jioni moja na daftari, umuulize mzee alifanya kazi wapi, bwana yule aliitwa nani, aliondoka mwaka gani, na nani mwingine alikuwepo siku ile. Shangazi akikataa kusema jambo fulani, usimlazimishe. Andika tarehe, umrudie baada ya juma moja.